Kifua cha Selotepu

Mtaani walimwita Mkasi, na jina hilo hakulipata kwa ushonaji peke yake. Ni kweli alikuwa fundi cherehani, na mkasi wake mkubwa wa chuma hakuna aliyethubutu kuugusa, hata kwa kukatia uzi tu. Lakini watu walipolitamka jina lile walikuwa wanauwaza mdomo wake. Mteja akileta kitambaa pungufu, Mkasi hakumwambia kitambaa hakitoshi. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Tatizo si kitambaa."

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, hakuwahi kuolewa, na alikaa katika nyumba ya mama yake. Humo alikuwamo mama mwenyewe, mdogo wake wa kiume aliyekuwa dereva wa lori, na mke wa huyo mdogo wake. Dereva alikuwa safarini wiki tatu kati ya nne, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, na wawili kati yao walikuwa hawasemezani.

Ugomvi ulianzia kwenye sanduku la shanga. Mama alikuwa mtunga shanga tangu usichana wake, na kola alizozisuka zilivaliwa na mabibi harusi wengi mpaka akapoteza hesabu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alimwita mkwewe, si binti yake, akamkabidhi sanduku zima: vikopo vya shanga za kila rangi, sindano nyembamba kama unywele, vibunda vya nyuzi, na kibao cha misumari cha kusukia. Mkasi alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha chai ya mama kinamuunguza vidole.

"Wewe usinune," mama alimwambia. "Wewe una mkono wa kukata. Huyu ana mkono wa kuunganisha."

Angempiga kofi ingekuwa nafuu. Mkasi aliiweka chai chini, akatoka, na tangu siku hiyo chumba cha mbele kikagawanywa. Upande wa dirisha ukawa wa cherehani, upande wa mlango ukawa wa meza ya shanga, na katikati Mkasi alipiga mstari kwa chaki yake ya kupimia nguo. Mstari ukifutika kwa ufagio, aliuchora upya. Ushanga ukibingirika ukavuka chaki, ulifagiwa na vumbi na haukurudi kwao. Na siku alizoamka vibaya, alikanyaga pedeli ya cherehani kwa nguvu mpaka mbao za sakafu zikatetemeka, na vikopo vya upande wa pili vikaanza kucheza ngoma.

Wifi yake hakuwahi kujibu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya chini, shingo fupi, na alijua kutabasamu kwa kona moja tu ya mdomo. Vikopo vikimwagika aliinama, akaokota ushanga mmoja mmoja, akatabasamu kwa ile kona. Mkasi angependa zaidi kutukanwa.

Basi Jumatatu moja akaja mwenye duka la mapambo la barabara kuu, mama mnene aliyevaa miwani kwa mnyororo. Wifi alimtandikia kola tatu mezani: mbili ndogo, na moja kubwa ya samawati na nyeupe iliyomchukua miezi minne, pana kiasi cha kufunika mabega yote mawili. Mwenye duka aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini zimelala. Mimi siwezi kujua kitu kinakaaje mwilini kama kimelala mezani kama samaki sokoni. Nafungua dirisha jipya la maonyesho. Nataka nizione zimesimama, zina shingo na mabega. Huna sanamu ya kuvalisha?"

"Nitakuwa nayo," alisema wifi kwa sauti yake ya chini.

"Narudi Jumamosi."

Mkasi, ambaye alikuwa amejifanya anatia uzi sindanoni muda wote huo, alijua vizuri kwamba sanamu haikuwapo wala haingekuwapo. Sanamu za madukani ziliagizwa mbali. Akakaa mkao wa kutazama mchezo.

Na mchezo ulikuwa mzuri. Jumatatu ile ile wifi alipindua ndoo akaiwekea chupa juu yake. Kola ikateleza mpaka sakafuni, maana ndoo haina mabega. Akakata kadibodi kwa umbo la mtu, likatoka bapa kama kibao cha barabarani. Jumanne akaloweka magazeti kwenye gundi ya unga, akayabandika juu ya mpira wa kuchezea na kopo refu. Mabega yalikuja kidogo, lakini shingo ililowa ikainama upande, taratibu, kama mlevi anayesinzia.

"Cherehani yangu," Mkasi aliiambia cherehani, kwa kuwa na wifi walikuwa hawasemezani, "unaona mambo? Kuna watu wanajenga choo sebuleni."

Wifi alilibeba lile dude la magazeti akalipeleka nje. Aliporudi hakutabasamu. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima Mkasi aliona kidevu chake kinatetemeka, na kwa kweli chai ya siku hiyo aliinywa ikiwa tamu kuliko kawaida.

Jioni simu ya Mkasi ikalia. Alikuwa mdogo wake, na nyuma yake ilisikika injini ya lori.

"Dada, shikamoo. Nina ombi."

"Marahaba. Kama ni la mkeo, kata simu."

"Ni langu. Dada, amepata njia ya kutengeneza ile sanamu. Mtu anavaa fulana, anazungushiwa selotepu pana, ile ya kufungia maboksi, kisha inakatwa mgongoni inavuliwa. Inabaki kama ganda. Lakini anatakiwa mtu mwenye shingo. Yeye shingo hana, unamjua. Mama hawezi kusimama saa nzima. Iliyobaki ni yako."

"Kumbe leo nina shingo."

"Dada, sikiliza. Anayekuomba ni mimi, si yeye. Nisimamie."

Mkasi alimbeba huyu mgongoni akiwa mchanga, na kumnyima kitu hakuwahi kujua. Alikubali huku akisonya. Lakini alipoiweka simu mezani, wazo likamwingia, na lilikuwa wazo baya na zuri sana. Mwili uliokuwa unatakiwa ulikuwa wake. Nani angeweza kumwamrisha usimameje?

Jumatano asubuhi alivaa fulana kuukuu ya mdogo wake, akasimama katikati ya chumba, mguu mmoja upande huu wa chaki na mwingine upande ule. Wifi alimviringishia mfuko wa nailoni shingoni ili gundi isimng'ate ngozi, kisha akaanza. Selotepu ilitoa mlio wa kuchanika, ikapita chini ya kifua, ikapanda begani, ikashuka mgongoni. Mikono ya wifi ilikuwa miepesi na baridi.

"Simama wima," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Mkasi tangu mvua za mwaka uliopita.

"Nimesimama."

Hapo ndipo Mkasi alipoanza kazi yake mwenyewe. Kidogo kidogo, kama anayepumua tu, aliliinua bega lake la kulia. Si sana. Upana wa vidole viwili, kiasi ambacho macho ya haraka hayatakiona, lakini kola ya miezi minne ikivalishwa itaning'inia upande mmoja kama picha iliyopigwa msumari mmoja. Akaligandisha hapo. Mzunguko wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Jasho likaanza kumtiririka chini ya fulana. Shingo ikamuuma, msuli wa bega ukaanza kumchezacheza, naye akauma meno akalishikilia.

Wifi alizunguka mbele. Alilitazama lile bega la kulia, akalitazama tena. Kona ya mdomo ikasogea. Kisha akachana kipande kingine cha selotepu, akakibandika kwa utulivu juu ya bega lile lile na kukipapasa kwa kidole gumba.

"Unanibana," Mkasi alisema.

"Bado kidogo."

"Unafanya makusudi."

"Mimi?" alisema wifi. "Mimi nafuata ulivyosimama."

Ilipofika wakati wa kukata, mkasi mdogo wa shanga uligoma. Tabaka nne za selotepu ziliufunga meno. Wote wawili wakatazama upande wa dirisha, palipolala ule mkasi wa chuma.

"Huo hapana," Mkasi alisema.

"Basi kaa humo."

Alikaa humo kama dakika kumi. Alijaribu kuketi, ganda likamchoma chini ya mbavu. Alijaribu kufika mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, mkono ukaishia kwapani. Jasho lilikuwa limemfikia kiunoni. Mwishoni aliyafumba macho akasema, "Chukua."

Chuma baridi kiliingia chini ya fulana, mgongoni kabisa, kikaanza kupanda. Kila mkasi wake ulipofunga meno, Mkasi aliusikia akajua uko wapi: kiunoni, katikati ya mgongo, kati ya mabega. Hakuwahi kuusikia kutoka upande ule.

"Ukinikata..."

"Nikikukata utapiga kelele na mama atasikia," alisema wifi nyuma ya sikio lake. "Tulia. Nimefika shingoni."

Akatulia. Hakupumua mpaka ganda lilipoachia, na alipotoka ndani yake alijisikia mwepesi na amechokozwa, kama kuku aliyenyonyolewa akaachwa aende.

Wifi aliunganisha mpasuo kwa selotepu, akalijaza ganda magazeti yaliyokunjwa. Aliposogea kuchukua matambara yaliyodondoka chini ya cherehani, Mkasi alisema, "Hayo ni ya huku," na wifi akarudi kwenye magazeti yake bila ubishi. Akalichomeka juu ya mti wa ufagio uliopigiliwa kwenye kibao, akalisimamisha mezani.

Mkasi alikuwa amejiandaa kucheka. Kicheko kilikuwa tayari kooni. Lakini kile kifua cha kahawia kilisimama pale, shingo ndefu imenyooka, na mabega yake yalikuwa sawasawa kama ubao wa mizani. Alikodoa macho. Wifi alipokwenda kumpa mama maji, Mkasi aliruka chaki na futi yake ya kupimia, akapima kutoka mezani hadi bega la kushoto, kisha la kulia. Sawa. Akapima tena. Sawa kabisa. Alirudi kwenye kiti chake akakaa, na siku ile alivunja sindano mbili za cherehani bila kushona kitu cha maana.

Alhamisi wifi alikivisha kile kifua mahameli nyeusi. Alipaka gundi, akavuta, akabandika, na kila alipovuta huku pakakunjamana kule. Shingoni palikuwa na mikunjo kama ya kobe. Begani gundi ilitokeza juu ikakauka nyeupe. Alikigeuza ili upande mzuri utazame mbele, lakini upande mzuri haukuwapo.

Mkasi alivumilia Alhamisi yote. Ijumaa asubuhi yakamfika shingoni. Kilichokuwa mezani kilikuwa kifua chake, shingo yake, matiti yake, na kilikuwa kinakwenda kusimamishwa kwenye dirisha la barabara kuu kimevaa nguo ambayo mwanafunzi wa wiki moja angeionea haya. Mtaa mzima ulijua nani ni fundi katika nyumba ile.

"Toa hilo tambara," alisema.

Wifi aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Toa. Nipe mahameli iliyobaki, halafu usikae karibu yangu, unanikatia mwanga."

Alikata vipande sita. Alivipima juu ya kile kifua kwa pini, akavishona kwa mkono, mishono midogo iliyoingia ndani ikapotea. Alipofika begani aliinyoosha mahameli kwa kiganja mpaka ikalala kama ngozi ya mnyama mwenye afya. Kazi ilimchukua mpaka jua linaelekea kuzama, na sare tatu za shule zilizokuwa zinasubiriwa hazikuguswa. Alipokata uzi wa mwisho, wifi alikuwa amesimama kwenye chaki, mikono nyuma.

"Ahsante," alisema wifi.

"Sikukushonea wewe. Nimekishonea kifua changu."

Jumamosi mwenye duka akaja kama alivyosema. Kola kubwa ilikuwa imevalishwa tayari, samawati na nyeupe juu ya weusi wa mahameli, na hata Mkasi, aliyekuwa anashona mkono wa shati kichwa kimeinama, ilibidi aibe jicho. Shanga zilikuwa zimeshika mabega kama zimezaliwa hapo. Mwenye duka alizunguka meza mara mbili. Akaivuta miwani puani, akakaribia nyuma ya shingo, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Mshono hauonekani," alisema. "Hii kazi ya nani? Nani kaivisha hivi?"

Pedeli ya cherehani ikasimama.

"Mimi," alisema wifi.

Neno moja tu, na alilisema bila kugeuka upande wa dirisha. Mkasi aliinuka. Alivuka chaki na mkasi wake mkononi, mwenye duka akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mkoba kifuani. Lakini Mkasi hakumgusa mtu. Alifungua kola kwa uangalifu, akailaza mezani, maana kola haikuwa na kosa. Kisha akaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono wa mgongoni akaupasua toka juu hadi chini, akaivuta mahameli yote kwa mkupuo mmoja, kama anayechuna sungura. Pakabaki selotepu ya kahawia, na magazeti yakichungulia kwapani.

"Kazi yake ndiyo hii," alisema. "Ile nyingine ni yangu." Akaikunja mahameli, akaiweka kwapani.

 Mwenye duka alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Mimi nilikuja kununua shanga," alisema, "sikuja kuamua kesi." Alizichukua kola mbili ndogo. Ile kubwa aliiacha mezani. "Hii bila sanamu sina pa kuiweka, na sanamu yenyewe iko uchi. Dirisha nafungua Jumatano. Mkimaliza kupigana mnajua nilipo."

Alipotoka, wifi alifunga mlango. Aliufunga polepole, komeo likalia, na alipogeuka uso wake haukuwa ule Mkasi aliouzoea. Ile kona ya mdomo ilikuwa imekufa.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi sana. Mwizi akikamatwa mimi hufurahi."

"Mwizi! Mwaka mzima unanikanyagia sakafu shanga zinamwagika, mimi naokota. Mwaka mzima unazifagia zangu na takataka zako. Nimeokota shanga mpaka ndotoni naokota. Nikasema leo na mimi nichukue kitu chake. Neno moja tu. Nikaona tamu kweli kulisema, na sijutii!"

"Shanga zako? Zile ni za mama yangu."

"Si alinipa? Nilimlazimisha? Ulitaka nimwambie nini, mama mkwe anakupa kitu unakikataa kwa sababu binti yake kanuna mlangoni?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na ikawa sauti ya mtu mwingine kabisa, nene, inayojaza chumba. "Na usijifanye msafi. Unadhani sikukuona Jumatano?"

"Uliniona nini?"

"Bega! Uliinua bega ili kola yangu ikae upande. Nilikuona toka mzunguko wa kwanza. Nikasema acha ainue."

Mkasi alikinyooshea kidole kile kifua. "Mbona sanamu imenyooka, kama niliinua?"

Wifi alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Kwa sababu uliinua la kulia, wifi yangu. La kulia ndilo lililoshuka. Limeshuka siku nyingi, limelegea kama mlango uliotoka bawaba. Kila siku nakuona hapo mbele yangu umeinamia cherehani, mwili wote umelala upande mmoja. Ungesimama kawaida yako, sanamu ingekuwa kombo na kazi yangu ingeharibika. Ulipojiinua kwa roho mbaya ndipo ukanyooka. Nikakubandika haraka kabla hujachoka!"

Mkasi aligeuka, akavuka chaki kurudi upande wake. Jina lake lote, sifa yake yote mtaani, ilikuwa ni kutokosa jibu. 

Kwenye ukuta wa upande wake kulikuwa na kioo kirefu cha wateja. Kwa miaka ishirini alikuwa amesimama kando ya kioo kile akiwaambia watu kiuno chao hakipo na mgongo wao umebinuka. Alikuwa anatazama nguo. Sasa alisimama mbele yake, akaachia mikono, akaacha mwili ukae unavyotaka kukaa. Bega la kushoto lilikuwa mahali pa bega. La kulia lilikuwa chini, na shingo ilikuwa imelifuata kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu sakafuni. Akalinyoosha. Alipoliachia likarudi chini palepale.

Akaingia chumba cha nyuma. Mama alikuwa kitandani ameegemea mto, na kwa jinsi alivyokuwa amekaa ilikuwa wazi hakupitwa na neno hata moja.

"Mama, bega langu limeshuka?"

"Lilianza kushuka mwaka ule ulipochukua kazi ya sare za shule," mama alisema. "Wakati huo macho yangu yalikuwa bado yanaona."

"Na hukuniambia!"

"Nani anakuambia kitu wewe?" Mama hakupandisha sauti. "Mtu akikuambia una uzi begani unamjibu ana uchafu machoni. Nilinyamaza. Mdogo wako alinyamaza. Na wateja wako, wote wanaona, wananyamaza."

Mkasi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumjibu mama yake kitu kikali, alikuwa na haki nacho, na alikitafuta. Mama akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata lile bega. Hakulikanda wala kulibembeleza. Alilipima tu kwa kiganja, kama alivyokuwa akipima mabega ya mabibi harusi, kisha akautoa mkono wake.

"Upana wa vidole viwili," alisema. "Mwite wifi yako aniletee maji. Nyie mmenikausha koo mimi niliyelala."

Jumapili hakuna aliyeisikia cherehani. Jumatatu asubuhi wifi aliamka akamkuta Mkasi ameketi mezani pa shanga, upande usio wake, anaishona upya mahameli kwenye kile kifua. Alishona mshono uleule alioupasua, akiufuata tundu kwa tundu.

"Nilisema uongo mbele ya mgeni," alisema wifi akiwa amesimama. "Hilo ni kosa."

"Najua ni kosa."

"Na wewe uliinua bega."

"Shika hapa," Mkasi alisema. "Kaza. Usipumue juu ya mahameli."

Wifi alishika, akakaza. Hayo ndiyo maneno yote waliyosemezana siku ile.

Jumatano walikwenda dukani. Mkasi alikipakata kile kifua mikononi, wifi alibeba kola ndani ya boksi la viatu, na kila mmoja alitembea upande wake wa barabara. Watu waliokutana nao waligeuka. Kinyozi aliyekuwa mlangoni kwake alipaza sauti, "Mkasi, leo umeamua kujibeba mwenyewe?" na Mkasi akamjibu kwamba afadhali yeye amepata wa kumbeba. Alijibu bila kupunguza mwendo, na bega lilikuwa linamuuma.

Mwenye duka alikuwa juu ya ngazi anafuta kioo cha dirisha lake jipya. Alishuka. Wifi aliivalisha kola, akakikaza kifungo cha nyuma, akaachia. Mwenye duka alipitisha ukucha ule ule mahali palepale.

"Nauliza mara ya pili na ya mwisho," alisema. "Nani kaivisha?"

Wifi alikishika tena kifungo cha nyuma. Ilionekana kabisa kwamba neno lilikuwa linakwaruza kutoka. "Wifi yangu."

"Vizuri. Na umbo hili zuri lililonyooka ni la nani?"

Mkasi aliiona ile kona ya mdomo inaanza kufufuka. Alijua kitakachofuata, alijua kitasemwa kwa sauti ya chini na kwa raha yote, na aliona bora ajichome mwenyewe kuliko kuchomwa.

"Ni langu," alisema. "Lakini mimi si hivyo nilivyo. Bega langu la kulia limeshuka, tazama. Nilikuwa nimeliinua makusudi nimharibie kazi huyu. Ndiyo likanyooka."

Mwenye duka alimtazama. Akamtazama wifi, akakitazama kile kifua, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi akae kwenye ngazi, miwani ikining'inia. Wifi hakucheka. Alikuwa amenyang'anywa kitu chake kitamu, na alimtolea Mkasi macho makavu ya chuki. Mkasi aliyapokea kama mtu aliyelipwa.

"Nataka vingine viwili," mwenye duka alisema alipopata pumzi. "Kimoja cha shingo fupi, kwa mikufu mirefu. Kingine cha mtu mwenye bega kama lako, bila kuliinua. Wateja wangu wengi wanasimama hivyo, wanadhani kola ni mbovu. Waone inakaaje."

"Kuhusu nguo za sanamu utaongea na mimi," Mkasi alisema.

"Na kuhusu maganda utaongea na mimi," alisema wifi papo hapo.

"Na nani aliyekuuliza wewe?"

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Nendeni," alisema mwenye duka. "Nendeni mkagombane kwenu."

Hawakupatana. Watu wa mtaani walisema wamepatana kwa sababu sasa walisikika wakisemezana kutwa nzima, lakini aliyesimama karibu na dirisha alisikia walichokuwa wanasema. Mdogo wake Mkasi aliporudi safari, mchana, na mfuko begani na zawadi za wote watatu, alisukuma mlango wa mbele akamkuta dada yake amefungwa selotepu kutoka kiunoni hadi shingoni, ametoa macho, na mke wake nyuma yake ameshika ule mkasi mkubwa wa chuma ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuruhusiwa kuugusa.

"Liachie bega! Nimesema liachie, unaliinua tena!"

"Siliinui! Linapanda lenyewe kwa sababu mikono yako ina baridi kama ya maiti!"

"Dada?" alisema dereva. "Mke wangu?"

"Funga mlango!" walimjibu kwa pamoja.

Aliufunga, akapita pembeni kwa ncha za vidole, akaona heri akaanze kumsalimia mama.